Mashine ya Meja na Masikio ya Fundi

Kwa miaka thelathini na mmoja alifagia na kupiga deki sakafu za hospitali, na katika miaka hiyo ni wachache waliolijua jina lake halisi. Wote walimwita Meja. Jina alipewa na daktari wa upasuaji aliyefika mlangoni mwa wodi siku moja ya mvua, viatu vimejaa tope, akakuta fagio limelazwa kizingitini. "Rudi nje ujifute, daktari," aliambiwa, tena bila kuinuliwa sauti. Daktari alirudi, akajifuta kwenye tambara, halafu akapiga saluti ndipo akaingia. Jina likashika. Hata nyumbani mumewe aliacha kumwita mama watoto, akawa naye anasema Meja.

Mumewe alikuwa fundi wa redio, na watu walimwita Fundi, basi. Zamani alikuwa na kibanda barabarani, lakini macho yalipoanza kumsumbua alihamishia kazi sebuleni, kwenye meza ndefu chini ya dirisha. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa ulikuwa umemla pembeni: kilichokuwa mbele yake alikiona vizuri, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, lakini kushoto, kulia na miguuni kulikuwa giza tupu. Kiti kilichosogezwa kidogo tu kilimgonga goti. Kwa hiyo katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na mahali pake, na aliyesimamia jambo hilo kwa macho makali ni Meja.

Mambo yaliharibika begani. Alikuwa na mwaka wa pili tangu astaafu pale mkono wa kulia ulipoanza kugoma. Kuvaa blauzi ikawa shughuli. Daktari wa mifupa alimwonyesha picha, akamweleza kwamba kano ya bega imechanika, na kwamba haikuchanika jana wala juzi.

"Mama, mambo ya fagio na kukamua matambara basi," alisema.

"Basi kwa muda gani?"

"Basi ni basi, mama."

Meja alirudi nyumbani akafunga mdomo. Kesho yake akashika fagio kwa mkono wa kushoto, akaanza kufagia sebule kama kawaida. Fundi alikuwa mezani ameinamia redio. Baada ya dakika chache akaweka bisibisi chini.

"Una nini leo?"

"Nina nini? Nafagia kama siku zote."

"Siku zote ni shwaa, shwaa, shwaa. Leo ni shwaa, halafu kimya, halafu shwaa. Mkono wako una nini?"

Hapo ndipo alipomwambia.

Binti yao wa mwisho, dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda, alikuja Jumapili na akaelezwa yote. Jambo la kwanza alilosema ni kutafuta mtu wa kusaidia. Meja alitikisa kichwa.

"Mtu wa kunifagilia nitamwonea bure. Nitasimama nyuma yake mpaka akimbie."

Hakuna aliyembishia. Mwaka uliopita mtoto wa binamu yake alikuja kusaidia wakati Meja ana homa, akadumu siku tatu, na siku ya nne akaondoka mbio hata kandambili zake akazisahau.

Binti alitoa simu, akamwonyesha mama yake picha ya kitu cha duara kama sahani kubwa, kikitembea chenyewe sakafuni. "Hii ni roboti ya kufagia. Inavuta vumbi yenyewe. Hii haina moyo wa kuvunjika, mama. Isimamie utakavyo. Niruhusu niagize leo, keshokutwa itakuwa imefika."

Meja aliiangalia ile picha kwa muda. "Hakuna mtu aliyewahi kunichagulia fagio," alisema. "Nipeleke dukani nikaione."

Walikwenda Jumanne alasiri, binti alipotoka zamu. Meja alibeba mkoba wake, na ndani ya mkoba kopo la plastiki lenye kifuniko. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye tai na sauti ya mtangazaji. Akaanza kusema: nguvu za kuvuta, ramani inayochora chumba, namna ya kuiamrisha kwa simu ukiwa kazini. Meja alimwacha amalize.

"Ikishameza vumbi," aliuliza, "inalipeleka wapi?"

Muuzaji alichukua mashine iliyokuwa karibu, akachomoa kijisanduku ubavuni. "Hapa. Kikijaa unakichomoa, unamwaga."

"Nimwage nione."

Aliletewa pipa la taka. Akapindua kisanduku kwa mkono wa kushoto, akakigonga ukingoni mara mbili, na vumbi likapanda juu mpaka likamfikia puani. Alisubiri litue. Juma lake la kwanza hospitalini, katika wodi ya wagonjwa wa kifua, msimamizi alikuwa amemfundisha kwamba vumbi ulilofagia lakini hujalitoa nje bado limo chumbani, tena limeamka. Ndiyo maana wodini hawakufagia pakavu hata siku moja.

"Kwa hiyo hii inakusanya vumbi la nyumba nzima, halafu jioni inanirudishia usoni," alisema. "Na hilo bega la kugongagonga kila siku nitalitoa wapi? Weka."

Muuzaji alielewa kwamba mteja huyu si wa kupigwa chuku. Akawasogeza upande wa pili, kwenye zile zinazojimwaga. Hizo zilikuwa na kituo chake, kama ndoo nyembamba iliyosimama ukutani. Mashine ikimaliza kazi hurudi pale kujichaji, na kituo hulivuta vumbi lote kutoka tumboni mwake na kulihifadhi. Mwenye nyumba hagusi kitu kwa wiki kadhaa. Ila kuna aina mbili, alisema: yenye ndoo ya kuona ndani, na yenye mfuko wa karatasi.

"Mimi nakushauri ya ndoo, mama. Hununui mifuko tena maisha yako yote."

"Ifungue."

Muuzaji aliifungua. Ndoo ilikuwa haijamwagwa siku nyingi, na wingu la kijivu likamtulia kwenye tai. Binti aligeuka kutazama mafriji.

"Na ya mfuko?" Meja aliuliza, kama vile hakuna kilichotokea.

Safari hii muuzaji alichomoa kwa tahadhari. Mfuko ulipotoka, kikaratasi kigumu kikateleza chenyewe kikaziba mdomo. Hakikutoka kitu. Meja aliuchukua, akaubonyeza, akaunusa pale mdomoni, akamrudishia.

"Unajaa baada ya muda gani?"

"Mwezi na nusu, miwili. Inategemea nyumba."

"Mingine inapatikana?"

"Ipo hapa hapa dukani."

"Nione kwa macho."

Akaonyeshwa boksi zima la mifuko kwenye rafu ya chini. Ndipo alipofungua mkoba, akatoa lile kopo. Ndani kulikuwa na takataka za nyumbani kwake alizokusanya tangu Jumapili: mchanga wa mlangoni, nywele, nyuzi za zulia, makombo ya mkate. Akainama taratibu, akazimwaga kwenye kona ya ukuta.

"Mama, hapa ni dukani," muuzaji alisema.

"Ndiyo. Mimi nimekuja kununua."

Mashine za mfuko zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, nyeusi, inang'aa. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imetoka miaka michache nyuma, na ilinguruma kama jokofu kuukuu. Kila moja ilipewa zamu yake, na kila baada ya zamu Meja alifunga kitambaa cheupe kwenye kidole cha shahada, akapangusa sakafu, akakitazama kwenye mwanga. Zote mbili zilisafisha. Zote mbili ziliacha pembe tatu ndogo ya mchanga pale pale konani.

"Kona zimeshindwa," alisema.

"Ni za duara, mama. Duara haliingii konani. Zote ziko hivyo."

"Sasa umesema kweli. Ningekuwa na wewe wodini tungeelewana."

Muuzaji alipata nguvu, akaishika ile nyeusi. "Chukua hii. Haina kelele hata kidogo. Mtoto akilala haamki. Inapita chini kama paka."

Meja alikuwa amekwisha kunyoosha kidole kuelekea ile nyeusi, akakirudisha. Walikuwa na paka zamani. Fundi alimkanyaga mara ya kwanza wakacheka. Mara ya pili alianguka na birika la chai mkononi, akateguka kifundo, na paka akahamia kwa jirani.

"Kesho narudi na mzee," alisema.

Garini binti alishindwa kujizuia. "Mama, ulikuwa umeshachagua."

"Nimechagua vumbi. Bado miguu ya baba yako."

Fundi alikwenda shingo upande. Njia nzima alikuwa akiuliza yeye anapelekwa kufanya nini, maana fagio si lake. "Kusikiliza," Meja alimjibu, na hakuongeza neno. Dukani alimshika kiwiko, akamsimamisha katikati ya sakafu pasipokuwa na kitu, akamwambia asimame hapo kama yuko nyumbani. Kisha akampa muuzaji ishara.

Ile nyeusi iliondoka ukutani. Ikapita nyuma ya jokofu, ikazunguka, ikamjia Fundi kwa nyuma upande wa kushoto. Yeye alikuwa anatazama mbele, akisubiri. Ilipomgusa kisigino aliruka, mikono hewani, na Meja akamdaka mkanda kwa mkono wa kushoto kabla hajapepesuka. Wateja wawili waligeuka kuangalia.

"Imetokea wapi?" Fundi aliuliza polepole.

"Nyuma yako."

"Sikuisikia mpaka imenifikia." Akajifuta jasho la mdomo. "Meja, hiki ukikiweka ndani, mimi nitahamia nje."

Wakaiwasha ya kijivu. Ikaanza kunguruma, na Fundi akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya mezani alipotafuta tatizo la spika. Akanyoosha kidole. "Iko pale." Kidole kikaanza kutembea nayo. "Sasa imepanda zulia. Imeshuka. Imegonga kitu cha bati. Inarudi kwangu, iko kulia." Akainua mguu wa kulia, akaupisha, mashine ikapita, akaurudisha chini.

"Hii ndiyo," Fundi alisema. "Ila hii uliyoiwasha ina beringi mbovu kwenye gurudumu moja, nadhani la kulia. Tupe nyingine ya kwenye boksi."

Muuzaji aliipindua mashine, akazungusha gurudumu la kulia kwa kidole. Likakwaruza. "Hii ni ya maonyesho," alisema, "imezunguka hapa mwaka mzima." Halafu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona kwamba kwa watu hawa ukweli ndio unaouza, akaongeza: "Jueni pia kituo chake kinapovuta vumbi kinapiga kelele kweli kweli. Sekunde kumi hivi. Watu huirudisha kwa sababu hiyo."

"Washa nisikie," Fundi alisema. Kituo kikanguruma mpaka bei zilizobandikwa kwenye rafu zikapepea. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri. Hapo nitajua imefika kwake, naweza kuinuka."

Nyumbani, binti alikiweka kituo kwenye ukuta wa ukumbini, akaondoa kila kitu kilichokuwa kando yake ili mashine ipate njia, akaipangia kuanza kazi saa tisa alasiri, muda ambao Fundi huwa ameketi mezani. Siku ya kwanza Meja aliifuata chumba kwa chumba, mikono nyuma, kama anakagua wodi.

"Umeruka hapo," aliiambia.

"Itarudi, mama," binti alisema.

Ikarudi. Meja aliiangalia ikipita mahali pale na kuendelea.

"Umeona? Imekusikia," binti alisema.

"Haijanisikia. Imefanya ilivyotaka yenyewe," Meja alijibu. "Ila imefanya."

Siku ya nne kukazuka jambo. Fundi alikuwa amefungua redio ya zamani ya mwenye duka la jirani, na springi ndogo ya kitufe cha kutafutia stesheni ilimponyoka vidoleni. Aliisikia ikigonga sakafu mara moja tu. Hakushtuka, kwa sababu vitu vilimponyoka kila siku, na kila siku alivikuta kwenye kifuniko cha kopo kilichokaa upande wa kulia wa meza. Saa kumi na moja akapapasa kifuniko. Kilikuwa kitupu.

"Meja, kuna springi ilianguka."

Meja alitazama chini ya meza. Sakafu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Wote wawili walikumbuka kwa pamoja kwamba kituo kilikwisha kunguruma zamani.

Walitoka nyuma ya nyumba. Meja alitandika gazeti, akalowesha tambara, akamfunga Fundi puani na kujifunga yeye, kisha akaunyunyizia mfuko maji kidogo kabla ya kuupasua kwa mkasi. Mfuko mzima, wa siku nne tu, ukawa umekwenda. Waliketi kwenye vigoda viwili. Meja alitaka kutafuta yeye kwa kuwa ndiye mwenye macho, lakini Fundi akamzuia, akazamisha vidole kwenye lile donge la kijivu na kuanza kulichambua. Alitoa skrubu moja. Akatoa ya pili, na ya tatu, kitufe cha shati, kipande cha risasi ya kulehemu, skrubu ya nne, na mwisho springi. Akavipanga juu ya goti lake, akavihesabu kwa vidole.

"Hivi vyote ni vya siku nne?"

"Siku nne."

"Ina maana miaka yote hii ulikuwa unaokota kimoja kimoja?"

"Ulidhani vinapanda mezani vyenyewe?"

Fundi aliinua uso, akatazama mbele, mahali alipokuwa na uhakika wa kuona. "Nilidhani naangusha vichache," alisema. "Nilidhani bado niko vizuri."

Wodini Meja alikuwa amejifunza kwamba kuna maneno mgonjwa akiyasema hutakiwi kuyafuta. "Unaangusha vingi," alisema. "Na redio bado zinapona."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Fundi aliomba brashi ya mkono. Alikuwa ameng'oa sumaku kwenye spika mbovu na kuifunga kwenye ncha ya kijiti. Akapiga magoti chini ya meza, akaanza kupitisha sumaku sakafuni, mstari baada ya mstari, kutoka mguu mmoja wa meza hadi mwingine. Skrubu zikaruka, tak, tak. Kisha akachukua brashi, akaanza kusukuma vumbi mbele yake, kavu, na likapanda juu.

Meja alijitahidi kunyamaza. Alijitahidi mpaka pale mstari wa tatu.

"Si hivyo. Loweka tambara kwanza."

"Tambara liko wapi?"

"Kwenye ndoo. Ulikamue mwenyewe, mimi mkono hautaki."

Katika ndoa yao ya miaka thelathini na sita Fundi hakuwahi kukamua tambara la deki. Alilikamua kama anayeminya chungwa, maji yakamwagikia suruali. Meja akamwelekeza: likunje kwanza, mkono mmoja juu, mmoja chini, zungusha, usiminye. Mara ya tatu likatoka sawa.

"Kona hiyo umeiacha," akamwambia baadaye.

"Sijaiacha. Sijafika."

Binti alipokuja, walimwomba achore mpaka kwenye simu kuizunguka meza, mashine isiingie. Alimtazama baba yake aliyekuwa magotini, akamtazama mama yake aliyekuwa kitini anatoa amri, akachora mstari bila kuuliza.

Tangu hapo kazi ikagawanyika hivyo. Mashine haikuwa malaika: ilipenda kutafuna nyuzi za pindo la zulia, mpaka Meja akazikunja chini na kuzishona. Nywele zilijisokota kwenye brashi yake, na kila Jumamosi Fundi aliipindua mezani, akazikata kwa mkasi, kwa kuwa alisema mashine ni mashine na hiyo ni fani yake. Mfuko ulidumu wiki tano, si nane. Kona walibaki nazo wenyewe. Bega la Meja, baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya viungo, lilikubali kuanika nguo tena, ila kukamua likakataa katakata, na Fundi akabaki na cheo hicho.

Siku moja walikwenda wote wawili kliniki ya macho. Foleni ilikuwa ndefu, na daktari alisema presha haijapanda, jambo ambalo kwa Fundi lilikuwa habari njema. Walirudi saa kumi na nusu. Meja alifungua mlango, akasimama kizingitini.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza nyuma yake.

"Hakuna kitu."

"Mbona huingii?"

"Naangalia."

Sebule ilikuwa imefagiliwa. Alasiri iliingia dirishani ikalala sakafuni, na hapakuwa na hata unyuzi. Meja alipiga hesabu kichwani. Tangu akiwa msichana, kwa mama yake, kwa waajiri wa kwanza, hospitalini, na katika nyumba hii, hakukumbuka hata mara moja aliyoingia mahali akakuta mtu mwingine amekwisha kumsafishia wakati yeye hayupo. Alimwambia Fundi hivyo hivyo, kama anamwambia habari ya kawaida.

Fundi alifikiri kidogo. "Basi vua viatu, uingie," alisema.

Akavua, akaingia, akakaa kwenye kiti chenye mto bila kushika chochote. Fundi alihesabu hatua zake mpaka jikoni, na muda si mrefu Meja akasikia maji yakimiminwa kwenye birika.